Baraza la wanafunzi: kura za wenzako zina uzito gani unapoomba chuo?

Baraza la wanafunzi ni chombo cha uongozi ambacho wanafunzi wenyewe hukichagua kwa kura ili kiwasemee mbele ya walimu. Hapo ndipo linapoachana na ukiranja wa zamani. Kiranja aliteuliwa na walimu, akavishwa beji, na kazi yake kubwa ikawa kuandika majina ya wapiga kelele. Mjumbe wa baraza husimama mbele ya wenzake, huomba kura, kura zikahesabiwa, na muhula ukianza huulizwa: mbona hujatekeleza uliyotuahidi?

Nchini Kenya mfumo huu ulipata nguvu baada ya wimbi la migomo lililozikumba shule za sekondari mwaka 2008. Mwaka uliofuata likaundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, UNICEF ikisaidia, kwa hoja kwamba mwanafunzi mwenye mahali pa kupeleka malalamiko hana haja ya kurusha mawe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza kiti cha mwakilishi wa wanafunzi katika bodi ya shule. Zipo shule ambazo hata hualika maofisa wa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, kusimamia kura, na wanafunzi hupanga foleni kama watu wazima siku ya uchaguzi mkuu.

Sasa, je, uongozi huo unakusaidia kuingia chuo? Inategemea unabisha mlango upi, na wazazi wengi hawaambiwi hili mapema.

Ukiomba nafasi kupitia KUCCPS, shirika la serikali ya Kenya linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, hausaidii kitu. Unahitaji angalau C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ili usome shahada, kisha mnashindanishwa kwa pointi za masomo yanayohusika na kozi. Uwe ulikuwa rais wa shule nzima, na mwenzako hajawahi kukabidhiwa hata ufunguo wa darasa, kinachotazamwa ni alama. Tanzania nako, mhitimu wa Kidato cha Sita hudahiliwa kwa ufaulu wake, si kwa sababu alikuwa kaka mkuu. Kwa hiyo mtoto anayelala saa saba usiku kwa ajili ya kampeni huku hesabu zinamshinda, akiamini kura zitamfidia, amepotoshwa, na inaniuma kila ninapomwona.

Vyuo vingi vya Marekani vinatazama kwa jicho jingine. Alama hutangulia, lakini vyuo vinavyochuja sana hutaka pia kujua ulifanya nini nje ya darasa. Common App, fomu moja ya maombi inayotumiwa na mamia ya vyuo, inakupa nafasi ya shughuli 10 tu. Kwa kila shughuli unaandika cheo chako, saa ulizotumia kwa wiki, wiki kwa mwaka, na maelezo yasiyozidi herufi 150, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Ni kama sentensi mbili fupi.

Kwa ufinyu huo cheo kitupu hakifiki mbali. Linganisha wagombea wawili wa kubuni. Wa kwanza anaandika: “Nilikuwa mwenyekiti wa baraza, niliwawakilisha wanafunzi na kutatua matatizo mbalimbali.” Wa pili: “Nilipanga zamu mpya za maji kwa mabweni 4, foleni ya alfajiri ikashuka kutoka dakika 40 hadi 15.” Huyu wa pili alikuwa mwakilishi wa bweni tu, lakini msomaji aliye mbali kabisa na shule yake anaiona ile ndoo, anaiona foleni, anaelewa kwamba kuna mtu aliona kero akaishughulikia. Wenyeviti wa mabaraza ni wengi mno. Kila shule ina wake. Aliyeipunguza foleni ya maji ni adimu.

Na aliyeshindwa uchaguzi? Asijifiche. Akiwa aliendelea na lile aliloahidi, tuseme kuwafundisha Kidato cha Kwanza hesabu kila Jumamosi, hiyo ni shughuli kamili, nayo inasema mengi zaidi ya beji.

Uingereza iko katikati ya njia hizi mbili. Maelezo binafsi ya UCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya huko, hayazidi herufi 4,000, na kwa wanaoingia chuo kuanzia 2026 yamegawanywa katika maswali matatu, moja likigusa maandalizi yako nje ya masomo. Uongozi una pa kukaa hapo, ila baada ya kuonyesha kwamba somo unaloomba umelipenda na umelisomea.

Jambo la mwisho ni la daftari. Barua ya mapendekezo huandikwa na mwalimu, na mwalimu mwenye wanafunzi mia kadhaa hawezi kukumbuka ulichokisema kikaoni miaka miwili iliyopita. Wengi hurudi shuleni baada ya KCSE wakiulizia tarehe na saa zao, wakati kumbukumbu za vikao zilishafungiwa kabatini na mwalimu mlezi amehamishwa. Ukichaguliwa leo, nunua daftari lako la kurasa 48. Kila kikao andika tarehe, mlichokubaliana, nani alipinga, saa ulizotumia, na kilichobadilika mwezi uliofuata. Ukimpelekea mwalimu nakala ya kurasa hizo pamoja na ombi lako, atakuwa na cha kuandika.