Ofisi Mpya Ndani ya Nyumba ya Mawe: Anza na Boriti

Mwenye nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Zanzibar, akitaka kuigeuza ofisi, mara nyingi huja na mchoro tayari: ukumbi mmoja mpana, dari ya jasi, kuta za vioo. Kabla ya kuutazama tunamuuliza boriti zake zina urefu gani.

Nyumba hizi zilipimwa kwa mti wa mkoko. Boriti inayobeba sakafu ya juu haivuki nafasi inayozidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, na ukuta wa kati karibu kila mara umebeba kitu. Ukiubomoa ili upate ukumbi, orofa ya juu haina pa kuegemea. Afadhali ukikubali chumba kilivyo: meza safu moja upande wa madirisha, majalada kwenye mashubaka ambayo wajenzi walikwishakuachia ukutani.

Ncha za boriti zilizozama ukutani ndizo huoza mwanzo, maana ndiko maji ya mvua yanakoingia. Fundi azikague moja moja kabla hujapandisha hata kiti. Makabati ya chuma, betri na mashine kubwa za kunakili vikae chini.

Sasa saruji, ambayo hutuletea kesi nyingi kuliko mchwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa; ndivyo unavyoishi karibu na bahari. Ukiupiga lipu ya saruji, kisha rangi ya plastiki juu yake, unyevu hukwama ndani. Chumvi iliyomo hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache ya mvua lipu inavimba na kubanduka na vipande vya jiwe. Mwenye ofisi hulaumu fundi, anapiga saruji nyingine nene zaidi, na ugonjwa unakua. Dawa ni kuondoa saruji taratibu, kuuacha ukuta ukauke, kisha kurudisha chokaa na mchanga uliooshwa chumvi.

Kiyoyozi kinaruhusiwa, ila bomba la maji yake lisimwagikie ukutani, na mashine ya nje isitundikwe usoni mwa nyumba. Nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya mifereji midogo, bila kuchimba kwa tindo. Intaneti isiyotumia waya haipenyi vizuri ukuta wa nusu mita, kwa hiyo panga kifaa cha kuirusha kwa kila chumba au viwili. Wateja wengi huligundua hili siku ya kuhamia.

Anayetaka mfano aende barabara ya Mizingani, kwenye Zahanati ya Kale iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887. Ilikarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Roshani za mbao na ua wa kati vilibaki. Shughuli mpya ndizo zilizojipanga kuvizunguka.

Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, basi peleka mchoro kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kubomoa chochote, hata ndani. Na kwenye ratiba weka wiki kadhaa za kungoja chokaa ikauke. Samani zikiingizwa mapema, migongo ya makabati hushika ukungu.