"Texas Hakuna Kodi" na Maneno Mengine ya Kuwa Nayo Macho

Mtu akipata grini kadi, swali la kwanza kwa ndugu na jamaa ni moja: niende jimbo gani? Majibu humiminika. Mengi hutoka kwa mtu aliyefikia jimbo moja, akapata kazi kwenye ghala moja, na leo anaisemea Marekani nzima.

"Nenda Texas, huko hakuna kodi."

Kiswahili chenyewe kinatuponza hapa, maana kodi ni ya serikali na kodi ni ya mwenye nyumba, na Texas utalipa zote mbili. Isiyokuwepo ni kodi ya mapato ya jimbo tu. Mwaka 2019 wapiga kura waliipiga marufuku kwenye katiba yao. Serikali kuu haijakusamehe kitu. Itazame hati yako ya kwanza ya mshahara: asilimia 6.2 imekwenda hifadhi ya jamii, 1.45 bima ya afya ya wazee, halafu ndipo inakuja kodi ya mapato ya serikali kuu. Shule nazo lazima ziendeshwe, na Texas hutegemea sana kodi ya majengo. Nyumba ya dola 300,000 inaweza kudaiwa dola 5,000 kwa mwaka. Nawe mpangaji usicheke, mwenye nyumba anajua pa kuzirudishia.

Tennessee pia haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Sasa ingia dukani Memphis, chukua shati lililoandikwa dola 20. Kaunta utadaiwa 21.95, kwa sababu kodi ya mauzo pale ni asilimia 9.75 na bei ya kwenye rafu haiihesabu. Shati hilohilo ukilinunua Portland, Oregon, unatoa 20 kamili. Huko kodi ya mauzo hakuna, ya mapato ipo. Kwa maoni yangu, mtu wa kipato kidogo, ambaye karibu kila senti inaishia dukani, mtindo wa Memphis unamkamua zaidi.

"Kima cha chini Marekani ni dola 7.25."

Hicho ni cha serikali kuu, na hakijapanda tangu Julai 2009. Texas na Mississippi zinakitumia, ingawa waajiri wengi huongeza ili wapate watu. Jimbo la Washington mwaka 2025 lilikuwa kwenye 16.66. Kwa wiki ya saa 40 ni dola 290 huku, 666 kule. Ila kabla hujakata tiketi ya Seattle, mji mkubwa wa jimbo hilo, uliza bei ya chumba.

"Kusini bei ni nafuu, basi maisha ni bora."

Unafuu upo, Mississippi ni kati ya majimbo ya bei za chini kabisa. Lakini kwa takwimu za 2021, mtoto aliyezaliwa huko alitarajiwa kuishi miaka 70.9. Hawaii, ambako chakula kingi hufika kwa meli na bei zake zinatisha, ni 79.9. Miaka 9! Sababu ni nyingi, mojawapo ni bima. Mississippi na Texas zimo katika majimbo 10 yaliyokataa kupanua Medicaid, bima ya wenye kipato cha chini. Kijana mzima asiye na mtoto wala ulemavu, hata awe fukara wa kutupwa, Texas haimpi. Minnesota inampa. Mwenye grini kadi kwa kawaida husubiri miaka 5 kwanza, lakini miaka 5 hufika, na maradhi hayasubiri.

"Alaska wanakulipa kuishi."

Ni gawio la mfuko wa mafuta, dola 1,702 kwa mwaka 2024, na lazima uwe umekaa mwaka mzima wa kalenda. Kamuulize wa kijijini bei ya maziwa.

"Minnesota baridi itakuua."

Januari ni kali, hakuna wa kubisha. Ila nyumba zimejengwa kuikabili, na kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 zipo kanuni zinazomlinda mteja asikatiwe joto kwa deni, mradi apange namna ya kulipa. Februari 2021 baridi iliua watu zaidi ya 200 huko huko Texas, umeme ulipokatika siku kadhaa. Wengine hawakuuawa na barafu, bali na moshi wa magari na majiko ya mkaa waliyowasha ndani wapate joto.