Chembe nyeupe haimmezi mnyoo

Mwambie mgonjwa wa kichocho kwamba chembe nyeupe za damu zinapambana na minyoo yake, naye atadhani zinaimeza. Bakteria humezwa, ndiyo. Mnyoo, wapi! Eosinofili, chembe nyeupe inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo, ina upana wa mikromita 12 hivi. Mnyoo wa kichocho aliyekomaa hufika milimita 10 na zaidi. Sisimizi atammezaje chatu?

Inachofanya ni kung'ang'ania. Kwanza hutangulia kingamwili, protini yenye umbo la panda ya manati: ncha mbili humnasa mnyoo, mpini hubaki nje, na eosinofili ina vipokezi vya kuudaka mpini huo. Ukiviweka pamoja maabara na mnyoo mchanga, kwenye darubini utaona chembe zimemganda ubavuni kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Hapo ndipo chembe hizo zinamwaga punje zao, zilezile zinazoiva wekundu tukipaka rangi, zenye protini za kutoboa ngozi ya mnyoo. Protini za komplementi, kundi jingine la protini za kinga zilizomo kwenye damu, nazo huweka alama ya kushikia. Pasipo alama, mshiko huwa hafifu.

"Basi mwili utajimalizia wenyewe." Laiti! Anayeshikika kirahisi ni yule mchanga. Akikomaa hujipaka molekuli za mwenye mwili, hata zile za kundi lake la damu, na gamba lake la nje hulifanya upya kila mara. Kingamwili zikifika zinakuta sura ya mwenyeji. Hivyo huishi miaka mingi ndani ya mishipa ya damu, akitaga.

Wengine huisifia prazikwanteli tu, dawa ya kichocho. Ni nzuri, lakini haifanyi kazi peke yake: huharibu gamba, yaliyofichwa yakabaki wazi, na kingamwili zikapata pa kushika. Kwa minyoo michanga haina nguvu sana, kwa hiyo ukiambiwa urudie dozi usinung'unike.

Halafu kuna dhana hii ya kwetu: Dodoma ni kukavu, kichocho ni cha Kanda ya Ziwa. Kinachotakiwa ni maji yaliyotuama, konokono wa aina yake, na mgonjwa wa kukojoa humo. Mzee mmoja alinihakikishia kuwa huku hakipo, tukiwa Hombolo, hapa hapa Dodoma, yeye kasimama bwawani maji yakimfika magotini, ananywesha ng'ombe.