"Yote Tumeshaianza": Dhana Zinazokwamisha Kazi Maofisini

Wiki iliyopita mkurugenzi mmoja alinifungulia taarifa yake ya robo mwaka. Miradi 24, na mbele ya kila mmoja neno lile lile: "unaendelea". Nikamuuliza mingapi imekamilika. "Robo hii mitatu, nje ya hii 24. Lakini hii yote tumeshaianza." Jibu hilo nimelisikia mno.

Dhana: Tukianza yote mapema, tutamaliza yote mapema.

Si kweli. Chukua timu yenye kazi tatu, kila moja ya wiki mbili. Wakizifanya moja baada ya nyingine, zinatoka wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Wakizifanya kwa zamu, wiki hii kazi hii, wiki ijayo ile, zinatoka wiki ya 4, ya 5 na ya 6. Wateja wawili wamecheleweshwa, na wa tatu hakufaidika chochote! Hapo sijahesabu muda wa kutafuta faili upya, kukumbuka mlipoishia na kumpigia simu aliyebaki na takwimu.

Mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kanuni inayobeba jina lake: gawanya kazi zilizo mkononi kwa kasi ya kuzimaliza, utapata muda ambao kila kazi hukaa kwa wastani. Mkurugenzi yule anamaliza mradi mmoja kwa mwezi. Ana 24 mkononi, kwa hiyo mradi unaoanza leo utachukua miaka miwili. Akibaki na 8, kasi ikiwa ile ile, ni miezi minane.

Aliniambia, "Lakini ile 16 itasubiri." Ndiyo, na sasa hivi inasubiri pia, ila imeshameza fedha na muda wa watu. Mradi ambao haujaanza unaweza kuusogeza mbele au kuufuta bila hasara. Ukishafika nusu, nani atathubutu kuugusa?

Dhana: Mfanyakazi asiye na kazi kwa saa moja ni hasara.

Kazi zinapoingia bila mpangilio, foleni hukua kuliko mnavyodhani. Kwa hesabu ya kawaida ya foleni yenye mhudumu mmoja, akiwa na shughuli 80% ya muda wake, kazi husubiri wastani wa mara 4 ya muda wa kuihudumia. Akifika 90%, ni mara 9. Mwacheni apumue.

Dhana: Kuweka kikomo cha kazi zilizo mkononi ni kuwakatalia wakubwa.

Kiwandani Toyota, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, walitumia kadi za idadi maalumu: bila kadi, hakuna kutengeneza. Huo si ukaidi. Bosi akileta jambo la dharura, mwonyesheni ubao wenye kadi moja kwa kila kazi iliyo mkononi, aseme ipi itoke kulipisha.

Dhana: Vipaumbele vyetu ni kumi.

Basi hamna kipaumbele. Vipangeni 1 hadi 10, namba zisifungane.

Jumatatu, kabla ya kugawana kazi mpya, simameni mbele ya ubao mwulizane: kadi iliyo karibu zaidi kukamilika imekwama wapi, na nani yuko huru kuisukuma?