Pumzi Hutangulia, Goti Hufuata: Kuanza Safari Ndefu za Baiskeli Ukiwa Tabora

Kila mwaka mvua zikishakata, watu wazima kadhaa hapa mjini huamua kuanza kuendesha baiskeli masafa marefu kila wiki. Ni walimu, wahasibu, wanunuzi wa tumbaku, watu wa ofisini. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na mwenyewe ni mwendeshaji wa wikiendi, kwa hiyo uamuzi huo hunifurahisha sana. Lakini najua nitawaona lini baadhi yao kliniki. Hawaji mwezi wa kwanza. Wanakuja mwezi wa pili au wa tatu, wakati pumzi imefunguka na wanajiona wana nguvu kuliko walivyowahi kuwa.

Namlaza kitandani, nanyoosha mguu, nabonyeza kwa kidole gumba chini kidogo ya pia ya goti, pale kano nene inaposhuka kushika mfupa wa muundi. Anashtuka. Goti halijavimba, hakuanguka popote, eksirei haionyeshi kitu. Ila kushuka ngazi kunamuuma na kuchuchumaa ni tabu. Swali lake huwa moja: mbona wiki zote hizi nilikuwa naendelea vizuri?

Jibu ni kwamba mwili hauzoei kwa kasi moja. Ndani ya wiki moja au mbili tu za mazoezi, maji ya damu huongezeka na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Baada ya wiki sita hivi misuli ya paja inajua kutumia hewa na mafuta vizuri zaidi. Kano ni habari nyingine. Hupata damu kidogo, hujijenga polepole, na kuimarika kwake ni kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho moyo na misuli vimekwenda mbele na kano imebaki nyuma, na ndicho kipindi ambacho mtu anajiona yuko tayari kwenda Sikonge na kurudi. Hesabu kidogo: ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, kila goti linakunjika mara 4,200 kwa saa. Saa tano ni mara 21,000. Kama kuna kasoro ndogo kwenye mkao wako, umeirudia mara 21,000 siku hiyo hiyo.

Watu huniuliza kuhusu wale wanaume wanaoingia mjini alfajiri na magunia ya mkaa kwenye kerea, wametoka mbali, baiskeli ni Phoenix ya chuma isiyo na gia, na magoti yao hayalalamiki. Ni kweli, na nawaheshimu mno. Lakini wengi wao wamepanda baiskeli tangu wakiwa watoto ambao miguu haifiki pedeli vizuri. Kano zao zimejengwa kwa miaka. Huwezi kuinunua miaka hiyo dukani pamoja na baiskeli mpya.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo wageni kutoka Mbeya au Arusha hawalitarajii. Tabora ni tambarare. Mtu anadhani tambarare ni rahisi, na kwa mapafu ni rahisi kweli. Ila penye milima unapanda ukiwa umesimama, kisha unashuka bila kukanyaga, mwili unabadilisha mkao. Huku barabara ya Nzega au ya Urambo imenyooka, unakanyaga saa nzima bila kupumzika, makalio yapo palepale, viganja vipo palepale. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: jizoeze kusimama juu ya pedeli kwa nusu dakika kila baada ya dakika kumi, hata kama hakuna sababu nyingine.

Mkao ndio ninaoutilia maanani kuliko aina ya baiskeli. Egemeza baiskeli ukutani, kaa juu ya tandiko, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke wote bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha wayo mahali pake, ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikiwa juu ya pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Wengi wanaokuja kwangu wanaumwa mbele ya goti, na wengi wao tandiko liko chini mno, kwa sababu wanataka miguu yote miwili iguse ardhi wakisimama. Maumivu ya nyuma ya goti mara nyingi ni kinyume chake, tandiko limepanda kupita kiasi. Ukirekebisha, panda au shuka nusu sentimita, endesha wiki moja, ndipo uguse tena. Mtu mrefu mwenye baiskeli ya kawaida atakuta nguzo ya tandiko imefika mwisho. Amwone fundi amtafutie ndefu zaidi. Ni gharama ndogo kuliko kutibu goti.

Wenye baiskeli za gia wana neema ambayo hawaitumii. Wanapenda gia nzito kwa sababu inaonekana ya kiume. Gia nzito ikikanyagwa polepole inaisukuma pia ya goti kwenye mfupa wa paja kwa nguvu kila mzunguko. Shusha gia, zungusha miguu haraka, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika. Itakuhemesha kidogo zaidi, na hiyo ndiyo biashara nzuri, maana pumzi ndiyo inayozoea haraka.

Mikono nayo. Kidole cha mwisho na cha pete vikianza kufa ganzi, ni neva ya ulna, mshipa wa fahamu wa vidole hivyo, inabanwa kwenye kiganja. Usingoje ipite. Legeza viwiko, badilisha mahali pa kushika, inua usukani kama inawezekana, na kama ganzi inabaki hadi kesho yake, pumzika mpaka iishe. Ganzi ya sehemu za siri pia isifichwe kwa aibu: sababu yake ni tandiko lenye pua iliyoinuka au lisilobeba mifupa ya makalio sawasawa. Kwa ngozi, vaa kaptula isiyo na mshono katikati na upake mafuta ya mgando. Sokoni kwenye mitumba kaptula za waendesha baiskeli zenye sponji huonekana. Ukiiona inayokutosha, usiiache.

Sasa, uanze na umbali gani? Napendelea kuhesabu saa kuliko kilomita. Mara tatu kwa wiki inatosha: mbili fupi za dakika 45 hivi, kwa mfano kwenda Kwihara ilipo Tembe ya Livingstone na kurudi, na moja ndefu siku ya mapumziko. Ile ndefu ianze saa moja na nusu na iongezwe kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kila wiki. Kila wiki ya nne punguza, hata kama unajisikia kuruka. Hasa ukijisikia kuruka. Zile mbili fupi watu huzidharau na kuziacha, kisha Jumapili wanataka kilomita 80. Kano hujengwa na mzigo mdogo unaorudi mara kwa mara. Mzigo mkubwa wa mara moja kwa wiki unaiumiza tu.

Na kasi? Huko Ufaransa kuna utamaduni wa zamani wa safari ndefu za watu wa kawaida ambao hawashindani. Paris–Brest–Paris ilianza mwaka 1891 kama mashindano, na leo ni safari ya kilomita 1,200 ambayo kikomo chake ni saa 90. Safari za chini yake, za kilomita 200, zina kikomo cha saa 13 na nusu. Gawanya uone: haifiki kilomita 15 kwa saa, na hapo muda wa kula, kuziba pancha na kukojoa umo ndani. Hakuna nafasi za ushindi, kuna kumaliza ndani ya muda. Huo ndio mwendo ninaowafundisha watu wangu. Kama huwezi kuzungumza sentensi nzima na mwenzako, mnakwenda kasi mno.

Mwili una akiba ya sukari ya saa moja na nusu hadi mbili ya kazi nzito. Ikiisha, miguu inakuwa ya mtu mwingine, kichwa kinazunguka, na huwa imeshachelewa. Kula kabla ya njaa, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Hapa ndipo Tabora ilipobarikiwa. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ni chakula cha safari cha mababu zetu: vyepesi, haviharibiki, vinakaa mfukoni. Vitafune polepole na unywe maji navyo. Asali ya misitu yetu, vijiko vitatu vya kulia chakula kwenye lita moja ya maji pamoja na chumvi kidogo, inakupa gramu 50 hivi za wanga. Karanga ni nzuri ukifika, lakini njiani mafuta yake yanachelewa kukupa nguvu. Zisiwe tegemeo lako.

Maji, nusu lita hadi robo tatu kwa saa, zaidi kidogo Septemba na Oktoba wakati jua la huku halina huruma. Jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Ila kunywa maji matupu kwa saa nyingi nako kunapunguza chumvi kwenye damu, na hilo linaweza kuwa hatari kweli. Chumvi iwemo.

Upepo wa kiangazi hapa unatoka mashariki na kusini-mashariki, na unakolea jua likipanda. Kwa hiyo safari ya kwenda Kigwa, mashariki, ni ya busara kuliko ya Urambo, magharibi: unapambana na upepo asubuhi ukiwa mzima, unarudi ukiwa umesukumwa. Ukielekea Urambo asubuhi utajiona bingwa, kisha mchana utalipa yote. Mkiwa wawili, kaeni nyuma kwa zamu. Anayefuata karibu hutumia nguvu kidogo sana kuliko anayepasua upepo.

Ukivuka Sikonge kuelekea Ipole unaingia msituni na ndorobo wapo. Huvutwa na kitu kinachotembea na rangi nyeusi au ya bluu, na wanauma kupitia shati. Vaa kaki au rangi nyepesi, mikono mirefu. Homa ikija wiki chache baada ya kuumwa, usijitibu malaria tu. Mweleze daktari ulikopita apime malale pia. Kuhusu barabara kuu sina mengi: kizibao kinachong'aa, kioo kidogo kwenye usukani, ukisikia basi nyuma shuka pembeni mapema, na kabla jua halijazama uwe umefika.

Wanaoniuliza lengo zuri la kwanza nawaambia Nzega, takriban kilomita 115, baada ya miezi minne au mitano ya mpango huu. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, pumzika Isikizya unywe chai, na usipange kurudi kwa baiskeli. Ipakie kwenye basi. Kesho yake uchovu wa mapaja ni wa kawaida. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yakiwa bado yapo siku ya tatu, ndiyo ya kuja nayo kliniki, na uje na baiskeli yako.