Goti Linauma, Basi Nikae? Maswali Kuhusu Mazoezi Baada ya Miaka 60

Mazoezi ni nini kwa mtu wa umri wangu?
Ni mwendo wowote unaofanya moyo upige haraka kidogo: kutembea kwa kasi, kulima, kupanda ngazi, kucheza densi. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukakushinda, kasi inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2. Waliofika miaka 65 waongeze ya kusimama imara wasianguke, siku 3.

Goti linauma. Si afadhali nipumzike?
Hapana. Goti lililovimba na kuwa na joto, au lililoumia ukianguka, lilete hospitali upesi. Lakini maumivu ya gegedu linalochakaa, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye goti, hayatibiwi kwa kukaa. Misuli ya paja ndiyo inayolisaidia goti kubeba mwili. Ukikaa inanyauka, goti linalemewa, linauma zaidi, nawe unazidi kukaa. Namwona mzee kwenye benchi la kliniki akiitwa jina: anaweka mikono yote miwili kwenye magoti, anajisukuma, anarudi chini, anajaribu tena. Anasema ni uzee. Mara nyingi ni kiti.

Lakini nina tembe za maumivu, zinanisaidia.
Kwa siku chache, sawa. Diklofenaki ya kila siku, miezi mfululizo, inayonunuliwa dukani bila kuonwa na daktari, inaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Na paja lako bado linanyauka.

Watoto wananiambia, "Mama keti, dada atafanya."
Washukuru, kisha uinuke. Nawaelewa, wanakuheshimu. Ila mama aliyekuwa akibeba kiondo chake kutoka sokoni sasa hata lango la ploti halivuki, na sukuma wiki inaletwa na bodaboda. Nyinyi watoto, msimletee mboga. Nendeni naye akachague mwenyewe.

Kwa hiyo nisipumzike kabisa?
Lala usiku, keti ukichoka. Kupumzika kwa miezi ndiko ninakokataa, na nitakataa tena wiki ijayo ukija na swali hilohilo.

Nilianza, nikaacha. Mbona wengine huendelea?
Kwa sababu kuna mtu anayewangoja. Woga wa presha humwamsha mtu kwa wiki moja hivi. Anayedumu ni yule ambaye wenzake wa chama wako langoni saa moja asubuhi, na asipotokea anapigiwa simu. Wengine hukutana msitu wa Karura au bustani ya Arboretum, Nairobi, wakatembea na umbea wao mpaka umbali wanausahau. Wengine huwasindikiza wajukuu shuleni. Mpenzi wa mugithi, muziki wa densi wa Wakikuyu, aucheze sebuleni. Kwangu hiyo inahesabiwa, hata kama jirani anacheka. Usichokipenda utakiacha, kwa hiyo usijilazimishe kukimbia kwa sababu shemeji anakimbia. Na kama mtaani kwenu alfajiri si salama, tembea mchana, au uzunguke ndani ya ua.

Nianzie wapi?
Kwenye kiti hichohicho. Kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, inuka na uketi mara 5. Ikikushinda, shikilia meza kwanza. Ongeza polepole. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, punguza idadi, usiache.

Ni wakati gani wa kusitisha mazoezi?
Kifua kikibana, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, pumzi ikikata ghafla, au ukihisi kuzirai. Acha papo hapo uende hospitali saa hiyo hiyo. Usinywe soda ukisubiri gesi iteremke. Si gesi mpaka daktari aseme ni gesi. Wenye kisukari wanaotumia insulini au tembe za kushusha sukari waweke peremende mfukoni, wavae viatu vilivyofunika vidole, na wakirudi nyumbani wakague nyayo. Kwao kidonda cha mguu kinaweza kuanza bila kuuma.