Kwa nini umeomba programu moja, Linux ikakuletea lundo?

Je, wajua kwamba ffmpeg, ile programu ya kubadilisha video na sauti, hutoka kwa watengenezaji wake ikiwa msimbo mmoja, lakini ikifika Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, hupasuliwa vipande vipande? Fungua terminali kwenye Debian 12, andika sudo apt install ffmpeg, amri ya kusakinisha programu hiyo, na kabla hujakubali, soma majina yanayoteremka: libavcodec59, libavformat59, libavutil57, libswscale6, libswresample4, na mengine chungu nzima. Mwenye bando la kuhesabu lazima ashtuke. Si aliomba kitu kimoja tu?

Vyote vinavyoanza na "lib" ni maktaba, yaani msimbo ambao programu nyingi huuazima badala ya kila moja kujiandikia wake. Libavcodec ndiyo inayofumbua video, na vichezaji video VLC na mpv huitegemea kama ffmpeg yenyewe inavyoitegemea. Hapo hakuna ubishi. Swali ni hili: kwa kuwa maktaba hizi ni ndugu wa tumbo moja na zinategemeana, kwa nini zisifungwe pamoja kwenye kifurushi kimoja, yaani furushi moja la faili linalosakinishwa kwa pamoja, yakaisha?

Jibu limo kwenye ile namba ya mwishoni. Ndani ya diski, faili la maktaba huitwa libavcodec.so.59. Hiyo 59 si namba ya toleo la ffmpeg. Ni ahadi: programu yoyote iliyojengwa kwa kuitegemea 59 itaendelea kufanya kazi maadamu 59 ipo. Watengenezaji wakibadilisha kitu kitakachozivunja programu za zamani, wanapandisha namba. Programu iliyozoea 59 ikikuta 60 peke yake hukataa kuwaka, inalalamika kwamba faili halionekani.

Sasa tazama kilichotokea ffmpeg ilipotoka toleo la 5 (2022) kwenda la 6 (2023). Libavcodec ilipanda kutoka 59 hadi 60. Libswscale ilitoka 6 ikaenda 7. Lakini libswresample, ya kurekebisha sauti, ilibaki na 4 yake. Chukulia zote zingekuwa kifurushi kimoja. Kifurushi cha zamani kina libavcodec.so.59 na libswresample.so.4, kipya kina libavcodec.so.60 na libswresample.so.4 ileile. Ukitaka kuviweka vyote viwili, kwa sababu programu moja bado inataka 59 na nyingine imeshahamia 60, dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha vifurushi, itagoma: vifurushi viwili haviwezi kumiliki faili lenye jina moja mahali pamoja. Ndugu mmoja asiyebadilika amewakwamisha wote. Vikitengwa, 59 na 60 hukaa pamoja bila ugomvi, na libswresample4 inasasishwa kimya kimya.

Kwa hiyo Debian haipasui kwa kupenda kupasua. Mwongozo wake wa sera unaruhusu kabisa kufunga maktaba kadhaa pamoja, kwa sharti kwamba namba zake zitabadilika kwa pamoja siku zote. Mfano umo kwenye hiyo Debian 12 yako. Andika dpkg -L libssl3 utakuta libssl.so.3 na libcrypto.so.3 zimelala kitanda kimoja. Hizo mbili za OpenSSL, mradi wa kusimba mawasiliano kwa siri, ni kinu na mchi, huhama pamoja, na kuzitenga kungekuwa kujitafutia kazi.

Na kazi ipo kweli. Kila namba ikipanda, jina la kifurushi hubadilika, na Debian jina jipya hupanga foleni likaguliwe na binadamu kabla ya kuingia. Debian 12 ilitoka mwaka 2023 ikiwa na vifurushi zaidi ya 64,000, na orodha yao ndiyo hiyo unayoipakua kwa apt update. Arch, mfumo mwingine wa Linux, hawataki usumbufu huo: ffmpeg ni kifurushi kimoja, maktaba zake zote ndani. Wanaweza kwa sababu kwao kila mtu husasisha mfumo mzima kwa mpigo. Anayesasisha nusunusu hujitakia.

Kuna njia ya tatu, ya kila programu kubeba nakala yake ya maktaba. Ni raha, hadi siku kasoro inapoonekana. Septemba 2023 ilipatikana hitilafu ya hatari kwenye libwebp, maktaba ya kusoma picha. Kwa programu zilizoiazima kutoka kwenye mfumo, sasisho moja lilitosha. Lakini programu nyingi zilizojengwa kwa Electron, zana ya kuunda programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti, hubeba Chromium (kivinjari) yao, na humo ndani libwebp yao, kwa hiyo kila moja ilibidi isubiri mtengenezaji wake. Mimi kwa jambo hili niko upande wa Debian, hata kama lile lundo la majina linaudhi.

Faida nyingine huiona siku ya kuhama. Ukitoka Debian 12 kwenda 13, libavcodec61 inaingia, na libavcodec59 inabaki pembeni hadi utakapoandika apt autoremove, ambayo huondoa vifurushi vilivyoletwa na apt kwa ajili ya vingine na ambavyo sasa havitegemewi tena na kifurushi chochote. Angalia vizuri hapo: kifurushi chochote. Kama una programu uliyoijenga mwenyewe kwa mkono na bado inataka 59, apt haina habari nayo. Pitisha ldd kwenye faili lake kwanza, uone inaita maktaba zipi, ndipo ubonyeze Y.